Alama Nyekundu Isiyoonekana

Kila asubuhi Tata Kalombo hufungua simu kwanza, ndipo ashike bidoni lake la kuchotea maji. Simu humwonyesha orodha ya mabomba ya maji ya mtaa wao wa Kasulo: penye alama nyekundu, maji yameharibika. Aliyeiandika programu hiyo ni binti yake Tatiana, katika klabu ya kompyuta ya shule.

Jumatano moja Tatiana alirudi kutoka shuleni akamkuta mdogo wake, Baraka, anatapika, na baba kando ya kitanda, amekunja uso.

"Bomba la karibu na reli ni zuri?"

"Hapana, tata. Jana niliweka nyekundu."

"Iko wapi? Baraka amekunywa maji yake." Akamtupia simu. "Mi sikusoma sana, lakini rangi nazijua."

Majina ya mabomba yalikuwepo. Alama hata moja haikuwepo. Tatiana alikuwa ameziweka kwenye pikseli, yaani nukta ya skrini, ya 480 kutoka kushoto, na skrini ya baba iliishia pikseli ya 320.

"Uliijaribu kwa simu ngapi?"

"Moja. Ya Bwana Antoine, msimamizi wa klabu."

"Na karatasi ya majaribio uliyotia sahihi inasema ngapi?"

"Kumi. Aliniambia nijaze tu, wageni wanaofadhili mradi wako njiani."

Baba akacheka kicheko kikavu. "Ndivyo walivyo wakubwa. Anajaribu kwa simu yake ya bei ya nyumba, maji tunakunywa sisi. Hata mama yako, hospitalini walimwandikia amepona, wakamrudisha aje kufia hapa. Lakini safari hii, mutoto wangu, kalamu ilikuwa mkononi mwako."

Baraka alipopata nafuu, Tatiana alimrudia Bwana Antoine.

"Unataka kuniaibisha?" msimamizi akafoka.

"Nataka kufuta kumi, niandike moja."

Akafuta. Kisha akarekebisha kosa la programu. Simu ya Antoine ilibana pikseli tatu mahali ambapo ya baba iliweka moja. Basi akagawa 480 kwa tatu, akapata kipimo cha 160, na kila simu ikakizidisha kwa msongamano wake wa pikseli. Kwa Antoine alama ilibaki palepale. Kwa baba ikaingia katikati ya skrini. Akaazima simu kumi za majirani, akazijaribu zote.

Tata Kalombo aliitazama alama nyekundu ya bomba la reli, bado amenuna.

"Wakubwa watakuletea karatasi za uongo maisha yako yote," alisema. "Ukitia sahihi, uongo ni wako, na atakayeumwa ni wa nyumbani kwako."

Akabeba bidoni, akaelekea bomba la mbali.