Hodi Ndani ya Sanduku

Kila alipotoka shule, Chiriku alibadili sare, akala, kisha akashika ufagio na kwenda kufagia maranda katika karakana ya baba yake. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu ya mdomo: alianza kuongea akiwa na mwaka mmoja, na tangu hapo hajafunga breki. Kwa hiyo alipofagia siku mbili mfululizo bila kusema neno, mtu makini angejua kuna jambo. Lakini baba alikuwa na kazi nyingi, na fundi rangi, aliyepaka vanishi pale karakanani, alishukuru tu kwamba masikio yake yamepata likizo.

Baba alitengeneza makabati na majeneza. Neno jeneza halikutajwa mle ndani. Kwa heshima ya wafiwa, lilikuwa "sanduku". Masanduku yaliyokamilika yalikaa kwenye stoo ya nyuma, chumba chenye dirisha dogo, harufu ya gundi na ukimya unaokufanya ukohoe makusudi ili usikie kama bado uko hai.

Jambo lenyewe lilikuwa mtoto wa mbwa. Chiriku alimkuta mtaroni nyuma ya shule, ndani ya gunia lililofungwa, kichwa kikitikisika juu na chini. Alimwita Ndiyo, maana ukimuuliza ana njaa, anaitikia kwa kichwa. Ukimuuliza ameshiba, anaitikia vilevile. Akisimama, kila mguu ulishika njia yake. Chiriku akaamua kwamba ni baridi. Na mahali penye joto kuliko pote alipopajua palikuwa ndani ya sanduku moja jipya pale stoo, lililokwisha kuwekewa godoro jembamba na kitambaa cheupe. Baba alishakataza mbwa karakanani, na hakuwa mtu wa kukataza mara mbili. Basi Chiriku alimlaza humo juu ya gunia safi, akaweka kipande cha mbao kifuniko kisifunge kabisa, akamwachia maziwa kwenye kopo.

Kesho yake saa tisa mchana, fundi rangi aliingia stoo kuchukua brashi. Akasikia: ko. Ko, ko. Akasogea. Kimya. Akarudi nyuma hatua mbili. Ko, ko, ko. Huyu ndiye aliyekuwa akijisifu kwamba anaweza kulala ndani ya sanduku lolote, mradi apewe mto. Alitoka mikono mitupu, akasema brashi si za haraka. Baba alimwambia ni mbao tu, zinakauka. Hata hivyo, tangu saa ile baba naye hakuingia stoo bila kupiga mluzi.

Chiriku alijua sauti inatoka wapi. Kila Ndiyo alipojaribu kunywa, mtikisiko ulizidi na paji la uso likagonga ubao. Akisikia hatua za mtu, alitulia. Chiriku alicheka ndani ya kiganja, akaendelea kufagia.

Siku ya tatu mawingu yalishuka chini kiasi kwamba karakana ilihitaji taa mchana. Chiriku alipofika kutoka shule, alimkuta mama mshonaji wa mtaani kwao stoo pamoja na baba na fundi rangi. Mume wake, fundi saa, alikuwa amefariki juzi ghafla, na mazishi yalikuwa kesho. Alikuwa amekuja kuona sanduku. Baba alikuwa amemchagulia lile lile alilolala Ndiyo.

Kabla Chiriku hajavuka mlango, ilisikika: ko, ko.

Fundi rangi aligeukia ukuta. Mama mshonaji hakushtuka. Kwa sauti ya mtu aliyezoea kufanya hivyo miaka mingi, aliitika, "Karibu." Kisha akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Baba watoto, ni wewe?"

Ko. Ko.

Baba alishika ukingo wa mlango. Mama mshonaji aliinama, akalaza shavu juu ya mbao. Alisema mumewe alikuwa akigonga mlango hivyo hivyo, kwa kifundo cha kidole kimoja. Alisema hospitali wamekosea, kana kwamba amesahau kuwa mwili bado uko huko. Akajiinua, uso wake umechangamka, akaelekea nje akawaambie watoto kwamba baba yao hajafa, mazishi yasimame.

Chiriku alijua kwamba akisema ukweli, mbwa wake atarudi mtaroni. Alimtazama mama yule akifunga mtandio vizuri, kama mtu anayeenda kupokea mgeni. Akasimama katikati ya mlango.

"Mama, si yeye," alisema. "Ni mbwa. Nimemficha mimi."

Alikwenda akainua kifuniko. Ndiyo alikuwa amekaa juu ya kitambaa cheupe, uso umelowa maziwa, akiitikia kila kitu.

Hakuna aliyecheka. Mama mshonaji aliketi kwenye benchi la mbao, akalia kwa mara ya kwanza tangu juzi. Aliponyamaza, alimshika Chiriku mkono.

"Dakika moja hivi, mwanangu, nilikuwa na mume," alisema. "Usimfanyie tena mtu mwingine hivi."

Jioni hiyo baba na fundi rangi walikamilisha sanduku jingine, na Chiriku akasugua kingo zake kwa msasa hadi vidole vikamuuma. Hakuchapwa. Angechapwa angejisikia nafuu.

Baada ya mazishi, baba alimbeba Ndiyo mwenyewe hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari alieleza kwamba si baridi: mbwa huyu amezaliwa na sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo ikiwa haijakua vizuri. Haimuumi, haitapona, lakini akitunzwa ataishi. Siku hiyo baba alitengeneza kibanda kidogo chenye kuta zilizowekwa sponji, cha kumshikilia asimame, na jukwaa la bakuli lililo usawa wa kifua.

Chiriku alipokuwa akimlisha, amemshika kichwa kwa mikono miwili, alinong'ona kwamba hakusema uongo, hakuna aliyemuuliza.

"Fundi rangi aliogopa, ukajua kwa nini, ukanyamaza," baba alisema. "Nami nikaogopa, ukanyamaza. Ukiona mtu anaamini jambo lisilo kweli, na ukweli unao wewe, kunyamaza kwako ni uongo. Uliuacha siku mbili tu, huo uongo ukaota miguu, ukaenda kumbishia hodi mjane. Siku nyingine njoo uniambie, hata kama nimekataza. Nitafoka, halafu nitatafuta mbao."

Akapiga magoti, akalisogeza bakuli karibu zaidi.