Barua Zilizoanikwa

Ulianza mlio. Kwanza filimbi nyembamba, kisha mkwaruzo, kisha mvumo kama wa mvua inayokuja kutoka mbali juu ya mabati. Zipora, akiwa kwenye benchi nje ya duka la Kalisti mjini Kahama, alifumba macho akausikiliza. Mlio wa kompyuta ya Kalisti ikijiunga na laini ya simu ulipotulia, aliiona barua yake ikiruka juu ya mashamba ya pamba kama yangeyange mweupe, ikavuka bahari, ikatua dirishani kwa binti yake Noela, aliyekuwa akisomea miamba na madini huko India.

Ulikuwa mwaka 1999. Barua ya stempu ilichukua wiki sita. Barua pepe ilifika kabla Zipora hajarudi kwake Masumbwe. Aliiona kama ndoto njema, na hakutaka kuiuliza maswali.

Kalisti alikuwa na anwani moja kwa wateja wote. Majibu yakija, aliyachapa kwenye karatasi na kuyabana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyokatiza dukani, kila mtu atafute lake. Hakuna aliyeona ubaya. Walikuwa wamezoea barua za kijiji kizima kupitia sanduku la parokia, na katekista kuita majina baada ya misa. Lakini barua za parokia zilikuwa ndani ya bahasha. Hilo Zipora hakulifikiria.

Mwezi wa sita mumewe, Mabula, aliokota shambani kwao jiwe jeupe lenye mishipa ya dhahabu. Wakamwandikia Noela. Akajibu kwamba wasimwambie mtu, waombe haraka leseni ya uchimbaji mdogo, na wamweleze mahali penyewe ili awachoree ramani ya kuambatanisha na maombi.

Jibu hilo lilining'inia kwenye kamba siku nne.

Siku Zipora alipokuja kulichukua, mwanamume asiyemfahamu alimsogelea stendi. "Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma, kwa adabu zote. Kisha akatabasamu. "Jiwe lenyewe la upande gani? Tuambie na sisi wanao, tuje na sururu."

Zipora alikaza mwendo hadi dukani kwa Kalisti. Wenye sururu wakipajua mahali kabla ya leseni, rashi ingeingia: watu mia kwa siku moja, pamba ing'olewe, shamba libaki mashimo. Walikuwa bado hawajapajua. Lakini barua iliyofuata ndiyo iliyopaswa kupataja.

Kalisti hakuona kosa lake. Alisema mashine ni yake, na kamba inarahisisha kazi. Zipora akavuka barabara hadi duka la daftari na kalamu la Gulnaz, ambaye mji mzima ulimwita Mama Hozefa. Naye alikuwa na kompyuta yenye laini ya simu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akammiminia chai.

"Mama Noela," alisema, "wewe hukuwa na anwani. Uliazima ya Kalisti. Mwenye anwani ndiye mwenye ufunguo."

Alimweleza kwamba kuna kampuni nyingi za barua pepe, na haziko sawa. Akaigeuza kompyuta, wapita njia wasione, akamwonyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bure. Ila iliuliza umri, kazi na kipato, na chini, kwa herufi ndogo, ilisema inaweza kuwapa wafanyabiashara habari hizo. Ya pili ilitoza ada kidogo kwa mwaka, na iliuliza jina tu. Masharti yake yalisema wafanyakazi hawafungui barua za watu, majina hayauzwi, na barua husafiri imefungwa kwa kufuli ya maandishi, yaani maneno yamevurugwa asiyasome mtu wa njiani, kati ya kompyuta yako na kampuni.

Zipora aliuliza kama maneno hayo si ya kupamba tu. Gulnaz akacheka. Yeye mwenyewe aliziandikia kampuni zote mbili kabla ya kujiunga, akauliza: nikifuta barua, inabaki kwenu muda gani? Ya bure haijajibu hata leo. Ya pili ilijibu kesho yake: siku saba, kisha haipo.

"Uliza kwanza," alisema. "Asiyekujibu leo hatakujibu siku ya shida."

Zipora akachagua ya pili, ikaja zamu ya neno la siri. Zipora alisema liwe Noela.

"Kahama nzima inakuita Mama Noela, halafu hilo ndilo liwe la siri?"

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Zipora akachagua jingine, refu, lenye tarakimu ndani yake, na hakulitamka. Gulnaz akamwonya kwamba asiinuke kwenye kiti kabla ya kuifunga anwani yake. Tena, kufuli ya upande mmoja haitoshi. Kwa hiyo barua ya kwanza ya Zipora haikutaja shamba. Ilimwomba Noela afungue anwani kwenye kampuni hiyo hiyo. Siku ya tatu Noela alikuwa amefungua. Ndipo mama yake akamweleza mahali.

Ramani ilikuja, na Mabula akaipeleka ofisi ya madini pamoja na maombi. Wiki zile zote pamba yao ilisimama nyeupe, kama wingu lililokaa chini kupumzika, wala hakuna sururu iliyoigusa. Leseni ikatoka kwa jina la Mabula na Zipora.

Siku waliyoichukua, Zipora alipita mbele ya duka la Kalisti. Vijana wawili walikuwa chini ya kamba, wakisomeana barua kwa sauti na kucheka. Ilikuwa majibu ya vipimo vya hospitali. Mwenye barua, mama mmoja muuza dagaa aitwaye Apolonia, alikuwa amesimama mlangoni, uso ameufunika kwa kanga.

Zipora aliingia, akaibandua barua, akaikunja mara nne, akaitia mkononi mwa Apolonia.

"Jumatatu tutakwenda kwa Mama Hozefa, mimi na wewe," alimwambia. "Nitakaa nawe mpaka upate anwani yako. Na ukiandika neno lako la siri, Apolonia, nitageuza uso nitazame ukutani."