Mkeka wa Vyungu Vilivyovunjika

Habari hii alinihadithia Zena binti Shomari, wakati wa kupalilia mihogo, mwaka ule mvua za vuli zilipochelewa. Tulikuwa tumeweka majembe chini tunapumzika. Mengine aliyaona kwa macho yake, mengine aliambiwa na mama yake, Mwanamvua. Yalitokea hapo Misugusugu, zamani za Mwingereza.

Mwanamvua alikuwa mfinyanzi. Akishaswali alfajiri, hushuka bondeni na jembe na kikapu. Huchimba udongo, akapanda nao kilimani, akauponda, akaukanda. Mumewe, Shomari, alilima mihogo na mpunga kidogo. Chakula kilitoka shambani. Lakini chumvi, mafuta ya taa na nguo za Idi vilitoka kwenye vyungu.

Mwaka mmoja vyungu vikaanza kupasuka.

Mwanamvua alivipanga uwanjani kama siku zote. Akavifunika kwa makumbi ya nazi na kuni, akawasha. Moto ulipokolea, paa! Chungu. Paa! Na mtungi nao. Moto ulipozimika akafukua majivu, akatoa vigae vitupu. Akafinyanga vingine, akachoma tena. Paa! Ikawa vilevile.

Sasa, nyumba ya pili alikaa Zubeda. Zubeda alikuwa mjane, mzaliwa wa upande wa Mlandizi. Hakuwa na mtoto wala ndugu pale kijijini. Alikuwa shoga yake Mwanamvua, wakiombana chumvi na kaa la moto. Siku ya kuzaliwa Zena, ni yeye aliyemshika Mwanamvua mgongo mpaka mtoto akalia.

Siku vyungu vilipoanza kupasuka, Zubeda alikuwa anapita kwenda kisimani. Alisimama akavitazama kabla havijafunikwa.

"Shoga," akasema, "mwaka huu umefinyanga! Vimekaa kama vya dukani."

Hakusema mashallah. Akajitwika ndoo yake, akaenda zake. Na mara ya pili pia alipita, akatazama.

Shomari aliyakumbuka maneno yale. "Mama Zena, mtu akisifu bila mashallah, anataka nini?"

"Labda alisahau."

"Mara ya kwanza alisahau. Na mara ya pili?"

Mwanamvua akaendelea kuokota vigae. Lakini tangu siku hiyo, chumvi ikiisha, alimtuma Zena nyumba ya mbali. Zubeda akipita, yeye hujifanya anafagia. Neno lilianza dogo, likakua. Ndugu zake Shomari wakalichukua. Wakasema yuko mganga Kisarawe, ukimpelekea kigae atakutajia jina la aliyekipasua. Na mtu akishatajwa, hunyolewa kichwa mbele ya watu, kisha huambiwa ahame.

Zubeda ahame aende wapi? Hilo hakuna aliyeliuliza.

Siku zile jumbe wa kijiji akapita kutangaza. Wafinyanzi wa wilaya wote wanaitwa Kisarawe, kwenye mkutano. Bibi Maendeleo, yaani mama wa serikali aliyefundisha wanawake, ameagiza kila mmoja aje na chungu kimoja kizima na kimoja kilichovunjika.

Shomari akacheka. "Mkutano wa vyungu! Mtakwenda kuulizana ugali unapikiwa nini?"

"Mwaka jana nilikwenda," akasema Mwanamvua. "Tukakalishwa, tukahutubiwa, tukapiga makofi, tukala pilau. Nilichorudi nacho ni maumivu ya kiuno."

"Safari hii utarudi na kitu." Shomari hakucheka tena. "Chukua vigae. Mkutano ukiisha, nenda kwa mganga. Usirudi bila jina."

Mwanamvua akachukua mtungi mzuri, wa mwaka uliopita, wa kuuonyesha watu. Vigae akavifunga mbali, katika kaniki kuukuu. Alipopita mbele ya nyumba ya Zubeda, mlango ulikuwa umefungwa. Lakini moshi wa jiko ulionekana. Alijua Zubeda yumo ndani, naye anamsikia akipita.

Akatembea mpaka stesheni ya Soga. Katika gari la moshi aliupakata mtungi kama mtoto, na kaniki akaiweka chini ya miguu. Aliteremka Pugu, akaupanda mlima mpaka Kisarawe. Akalala kwa jamaa.

Asubuhi, chumba cha mkutano kilijaa wanawake. Mezani palipangwa mitungi, vyungu na vikaango, vyote vinang'aa. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, akasoma hotuba. Ilikuwa ndefu. Akapigiwa makofi, akaondoka.

Bibi Maendeleo akasimama. Aliitwa Bi Mwanaidi. Pembeni mwake palitandikwa mkeka mtupu.

"Mama zangu," akasema, "huu mkeka ni wa vilivyovunjika. Mbona hauna kitu?"

Wengine wakatazama dari.

"Sisi kwetu havivunjiki," akasema mmoja. Watu wakacheka.

"Havivunjiki?" akadakia bibi mmoja wa Maneromango, jina lake Bi Tatu. "Basi vile vigae vya njiani kwako, vimeota?"

Kicheko kikazidi. Bi Mwanaidi akangoja kiishe. "Mwaka jana mlikuja na vizima, mkasifiana, mkarudi. Nani alijifunza kitu? Aseme."

Wanawake wakarekebisha khanga zao.

"Kama vyenu vyote ni vizima, basi tuleni twende zetu. Lakini kama yupo mwenye tabu nyumbani, humu ndani mna wanawake waliofinyanga maisha yao yote. Lini tena mtawakuta pamoja? Mimi sijui kufinyanga. Hotuba yangu haitamponyea mtu chungu chake. Wenyewe kwa wenyewe ndio mtakaoponyana. Ila kila mtu aliyekuja hapa ameificha tabu yake kwao."

Mwanamvua aliisikia kaniki chini ya miguu yake, ncha ya kigae ikimchoma kisigino. Akivitoa hapa, wilaya nzima itajua kuwa mikono yake imeharibika. Asipovitoa, jioni ataviweka mbele ya mganga, na mganga atasema neno moja. Neno hilo halitarudi tena kinywani.

Akauona tena ule mlango uliofungwa.

Akainuka. Akaenda mpaka kwenye mkeka, akaifungua kaniki, akavimwaga vigae. Havikupiga kelele nyingi, lakini chumba chote kiligeuka kutazama.

"Vyangu vinapasuka," akasema. "Vyote. Sijui kwa nini."

Bi Tatu akaja akachutama. Akachukua kigae, akakivunja tena, akakitazama ndani ya mvunjiko. Akakipitisha kidole.

"Laini kama sabuni," akasema. "Udongo unachimba wapi?"

Mwanamvua akafunga mdomo. Mfinyanzi hasemi shimo lake la udongo. Hata dada yake hamwambii. Wanawake wote walikuwa wamenyoosha shingo.

"Sema, mwanangu," akasema Bi Tatu. "Nani atafunga safari kutoka Maneromango aje Misugusugu kuiba tope?"

Watu wakacheka, naye Mwanamvua akacheka bila kutaka. Kisha akasema. Shimo lake la zamani lilijaa maji katika masika. Tangu hapo anachimba bonde jingine, chini zaidi, udongo mweusi unaonata.

"Na unaukanda vipi?"

"Kama ule wa zamani."

"Ehee! Ule wa zamani ulikuwa na mchanga wake ndani. Wewe hukuutia, Mungu aliutia. Huu mweusi hauna. Umeshikana mno, hauna pa kupumulia. Nje unauona umekauka, kumbe ndani maji yamo. Ukiuweka motoni, maji yale yanageuka mvuke, yanatafuta mlango. Yakikosa mlango, yanavunja ukuta."

"Nifanyeje?"

"Twanga vigae vya zamani mpaka viwe chenga. Changanya na udongo, vikapu vitatu vya udongo kwa kimoja cha chenga. Kausha kivulini, usikimbilie jua. Na siku ya kuchoma, vipashe kwanza moto kidogokidogo, unavigeuza, kabla hujavifunika."

"Mimi hutia mchanga wa mtoni," akasema mwingine.

"Wa mtoni una chumvi kwetu," akajibu wa tatu. "Vyangu vinavuja, nadhani ni huo."

"Vinavuja wapi? Kitakoni?"

Basi wakashikana maneno. Aliyesema kwake havivunjiki akakiri kuwa vikaango vyake vinakatika mikono. Wakainuka, wakauzunguka mkeka, wakapokezana vigae. Pilau likaletwa likapoa. Bi Mwanaidi alikaa pembeni, anapunga inzi tu kwenye sinia.

Mwanamvua akamvuta Bi Tatu kando. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo si jicho la mtu?"

"Jicho?" Bi Tatu akamtazama. "Nimetazama vyungu vya watu tangu sijaolewa. Macho yangepasua, wilaya nzima ingekula kwenye majani ya mgomba." Kisha akasema taratibu, "Lakini sikuapii. Nenda ukajaribu mwenyewe. Ndipo utajua."

Jioni ile Mwanamvua hakwenda kwa mganga.

Aliporudi Misugusugu, Shomari alikuwa akimngoja uwanjani pamoja na ndugu zake wawili.

"Jina?" akauliza.

"Sina."

"Hukwenda?"

"Sikwenda. Baba Zena, udongo ndio mbaya. Nimeambiwa na wanaojua."

"Umeambiwa na wanawake wa pilau!" akasema ndugu mmoja.

"Nipeni moto mmoja tu," akasema Mwanamvua. "Nifinyange, nikaushe, nichome. Vikipasuka, fanyeni mtakavyo, sitawazuia. Na Zubeda nitamwita asimame karibu, avitazame. Mbele yenu."

Shomari akafikiri. "Haya. Moto mmoja."

Mwanamvua akatwanga vigae katika kinu kibovu, na Zena akichekecha. Akakanda. Udongo ulimkwaruza nyayo, si ule wa sabuni tena. Akafinyanga, akaviweka kivulini. Kila siku Shomari aliuliza, "Bado?" Kila siku alijibu, "Bado." Ndugu walianza kunong'ona kuwa anachelewesha makusudi. Naye mwenyewe hakuwa na hakika. Alivigonga kwa kidole, akavibandika shavuni kusikia ubaridi wa maji.

Siku vilipokauka alikwenda mlangoni kwa Zubeda. Akabisha hodi.

"Nani?"

"Mimi, shoga."

Mlango ukafunguka kidogo. Zubeda alikuwa amekonda. Macho yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala.

"Leo mimi ni shoga?" akasema. "Nimesikia yote. Usiku naweka kinu nyuma ya mlango, nikidhani wanakuja kuninyoa."

"Nisamehe. Sikukutetea."

"Umekuja kuniambia nini?"

"Nachoma leo. Nataka usimame karibu yangu."

Zubeda akashtuka. "Mbele ya wale? Vikipasuka, mimi nitakimbilia wapi, Mwanamvua?"

"Vikipasuka tutaondoka wote wawili. Sitakaa kijiji kilichokufukuza kwa kosa langu."

Zubeda akakisukuma kinu pembeni. Kisha akajifunga khanga, akatoka.

Watu walikuwa wamekusanyika. Mwanamvua akawasha moto mdogo, akavipasha vyungu, akavigeuza, akavigeuza tena. Ndipo akavipanga, akavifunika makumbi na kuni.

"Vitazame vizuri," Shomari akamwambia Zubeda. Sauti yake ilikuwa kavu.

Moto ukapanda. Zubeda alimshika Mwanamvua mkono, vidole vikamwingia.

Paa!

Watu wakaruka. "Mnaona!" akapiga kelele ndugu mmoja. Zubeda akafunika uso. Mwanamvua akachukua mti mrefu, akafukua ubavuni mwa moto. Kikaviringika nje kifuu cha nazi, kimepasuka katikati, kinatoa moshi.

"Kifuu hicho," akasema Mwanamvua. "Kaa chini, shemeji."

Wakangoja. Moto ukashuka, majivu yakawa meupe. Wakaacha vipoe mpaka jua lilipopita utosini. Mwanamvua akatoa chungu cha kwanza, akakigonga kwa ukucha. Kikalia ngii. Akatoa cha pili. Ngii. Mtungi, ngii. Kimoja tu, cha upande wa upepo, kilikuwa na ufa mdomoni, mfupi kama unywele.

"Hiki kilipata upepo," akasema, akakiinua watu wote wakione. Hakukificha.

Shomari akapokea chungu, akakigonga mwenyewe. Akakizungusha mkononi. Kisha akamgeukia Zubeda, akashindwa kumtazama usoni.

"Zubeda," akasema, "nilikudhania vibaya. Nisamehe, dada yangu."

"Nimekusikia," akasema Zubeda. "Kusamehe kutakuja. Leo nina njaa."

Ndugu wale waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Masika ya pili wafinyanzi waliitwa tena Kisarawe, na ule mkeka, Zena aliniambia, haukutosha. Ikabidi watandike mwingine. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Mchana ule walikula uwanjani, ugali na mchicha wa nazi, mikono yote katika sahani moja. Joto lilikuwa kali. Shomari akajinyoosha barazani, akaanza kukoroma. Zena akalala na tonge mkononi. Mwanamvua alikuwa anamweleza shoga yake habari za Bi Tatu na inzi wa pilau, maneno yakawa mafupi, yakakatika, akalala ameegemea ukuta.

Zubeda akabaki macho peke yake. Akasikiliza njia. Hapakuwa na mtu anayekuja. Akajinyoosha mkekani pale pale, mlango wa nyumba yake ng'ambo ukiwa wazi, akalala.