Tiketi ya Edilma Samudio

Asubuhi ile ofisi ya pasipoti ya Jiji la Panama ilifurika watu mpaka mlinzi akaacha kupanga foleni, akaenda kukaa zake. Edilma Samudio alikuwa amevaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, lenye lesi mabegani, na hereni kubwa za dhahabu za kwao Las Tablas. Alikuwa amejipamba kwa ajili ya picha. Zamu yake ilipofika, mpiga picha akatikisa kichwa.

"Hereni hazitakiwi, mama. Vua."

Edilma akageuka na kumpa hereni aliyekuwa nyuma yake, kipande cha mwanamume, mweusi, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Nishikie, kaka. Usikimbie nazo."

"Nikikimbia nazo utanitafuta?"

"Nitakutafuta na polisi."

"Hata na polisi, we njoo tu."

Edilma alicheka, na picha ikatoka ana tabasamu mpaka ikabidi irudiwe. Alipomaliza, yule mtu hayupo. Alikuwa ameitwa dirisha jingine, na hereni zikaenda mfukoni mwake. Edilma alirudi nyumbani akijilaani njia nzima.

Siku ya kuchukua pasipoti alimkuta amesimama mlangoni, hereni kazifunga kwenye leso safi.

"Nimekuja hapa kila asubuhi," alisema. "Mlinzi ameshaanza kuniita shemeji."

Jina lake lilikuwa Egberto Beckford, mtu wa Colón, mwendesha winchi katika bandari ya makontena. Alikuwa akipakia meli za watu tangu kichwa chake kina nywele, lakini hajawahi kupanda hata moja kama abiria. Ndoto yake ilikuwa kupanda ile meli ya kitalii inayotoka Colón, ikapita Cartagena, ikafika Curaçao. Edilma aliposikia Curaçao, moyo ulimruka. Ndiko alikoolewa mdogo wake Nitzia. Hawakuwa wameonana tangu mazishi ya mume wa Edilma, na sasa Nitzia alikuwa na mtoto ambaye Edilma hajawahi kumshika.

Wakapendana kwa simu. Egberto alipiga akiwa juu ya winchi wakati wa mapumziko, Edilma akapokea kwa spika akiwa kwenye cherehani, pini mdomoni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekaanga maandazi ya hojaldre. Nimekuwekea."

"Yaweke mbali na Bi Chela."

"Nimesikia," ilisema sauti kutoka jikoni. "Mwambie aniotee namba ya bahati nasibu, nitamwachia moja."

Bi Chela alikuwa mama wa marehemu Barría, mume wa Edilma. Hakuwa na mtu mwingine duniani, akabaki kwa mkwewe, wakala na kugombana pamoja. Edilma hakumficha Egberto lolote katika hayo. Siku Egberto alipoomba kuipiga picha pasipoti yake ili awakatie tiketi za meli, alimpa bila kuuliza.

"Nipe basi nione hiyo tiketi."

"Utaiona bandarini. Acha nifaidi kidogo."

Siku ya safari Colón ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Edilma alivaa njano, na sanduku lake lilijaa viguo vya mtoto alivyovitarizi usiku na mchana. Msichana wa meza ya abiria akaangalia pasipoti, akaangalia tiketi, akarudia pasipoti.

"Majina hayalingani, mama. Tiketi inasema Edilma Samudio. Pasipoti inasema Edilma Samudio de Barría."

"Si ndiye mimi huyo huyo?"

"Najua. Lakini orodha ya abiria imeshapelekwa, na huyu wa kwenye pasipoti hayumo. Siwezi kukupandisha. Samahani sana."

Kwetu mwanamke akiolewa huandikwa 'de' fulani, yaani wa fulani, na hata huyo fulani akifa, jina halitoki mpaka mwenyewe aende kuomba litolewe. Edilma hakuwahi kwenda. Akamgeukia Egberto.

"Picha ya pasipoti ulikuwa nayo. Ulikosea?"

Egberto alitazama viatu vyake. "Sikukosea. Dada wa ofisi ya wakala aliniambia niandike kama lilivyo. Mkono ulikataa."

"Ulikataa nini?"

"Kuandika kwamba wewe ni wa Barría. Nakuchukua wewe safari, halafu nikuandike wa mwanamume mwingine?"

"Ni marehemu, Egberto."

"Marehemu ambaye haondoki. Siku nilipokuona ulikuwa unaomba pasipoti mpya, na jina lake humo humo. Mimi najiona nasubiri nje ya nyumba ya mtu."

"Mama yake anakula mezani kwangu. Nikilifuta jina la mwanawe, nitamwambia nini? Na wewe umelifuta peke yako, bila hata kuniuliza." Akashika mpini wa sanduku. "Panda. Ndoto ni yako. Panda uende."

Akabeba sanduku lake akatoka kwenye mvua. Alikuwa ndani ya basi la kurudi mjini aliposikia honi ya meli ikiaga, akaweka uso kwenye sanduku na kulia bila kujali nani anamtazama.

Egberto alipiga simu, Edilma hakupokea. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa, hakupokea. Edilma alimuona kwa macho ya moyo yuko Cartagena anakula samaki wa kukaanga, na hasira ikamsaidia kushona. Hasira ilipokwisha, alishindwa hata kutunga uzi. Alimpenda yule mtu, na hilo ndilo lililomuuma.

Simu ilipolia tena, Bi Chela aliinyakua.

"Wewe, uko bahari gani?"

"Siko baharini, mama. Niko hapa chini, dukani kwa Mchina."

"Unafanya nini kwa Mchina?"

"Nakuja kila nikitoka zamu. Nakaa, naangalia dirisha lenu, naondoka."

"Kwa hiyo hukupanda?"

"Nipande na nani?"

Bi Chela akaziba simu kwa kiganja. "Hakupanda," alimwambia Edilma. Kisha akairudisha sikioni. "Leo nenda nyumbani. Huyu macho yamevimba, hatazamiki."

Alipokata, aliburuta kiti. "Haya. Mmegombania nini?"

Edilma akamweleza. Bi Chela alisikiliza mpaka mwisho, akafyonya.

"Jina? Mimi nilidhani umeling'ang'ania kwa ajili yako. Nikawa nanyamaza, nakuonea huruma."

"Nililiacha kwa ajili yako, mama."

"Nimemzaa mimi. Jina lake nikitaka kuliona sihitaji kitambulisho chako." Akakung'uta makombo mezani. "Au ukilitoa ndiyo unanifukuza?"

"Nikufukuze uende wapi? Nani atanigombeza?"

"Basi kapange foleni. Na ukalale kwanza, unatisha."

Wakashikana mikono juu ya meza, na wote wawili wakamlilia Barría kwa mara ya kwanza tangu wamzike.

Edilma alipanga foleni ya kitambulisho, akapanga ya pasipoti. Ilipokuwa tayari, alivaa gauni la bluu na hereni zake akaenda Colón, akasimama kwenye geti la bandari saa ya kubadilishana zamu. Egberto alitoka na kofia yake ya kazi kwapani. Alipomuona alisimama pale pale, wenzake wakampita huku wanamtania.

"Nilikuwa nakuja kwako leo," alisema. Akatoa bahasha ndani ya kofia. "Nimekata nyingine, ya mwezi ujao. Soma."

Edilma akasoma. Edilma Samudio de Barría, herufi kwa herufi.

"Nimeandika mwenyewe," Egberto alisema. "Na mkono haukukatika. Nilimwambia marehemu asante kwa kunitunzia. Nisamehe, mpenzi."

Edilma akafungua mkoba, akampa pasipoti mpya, ya Edilma Samudio tu. Egberto akaisoma, akamtazama, akaisoma tena, kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara akicheka huku machozi yanamtoka.

"Hatupandi tena!"

"Tutapanda. Safari hii muda upo. Mpigie wakala arekebishe."

"Subiri kwanza." Egberto akachomoa leso mfukoni, ile ile, safari hii ina pete. "Nilipanga kukupa katikati ya bahari, ukose pa kukimbilia."

"Nipe hapa hapa. Sikimbii."

"Tukioana itabidi pasipoti nyingine. De Beckford."

"Nakukubali wewe, Egberto. Foleni siikubali tena. Nitabaki Samudio."

Egberto alifikiria, lakini si sana. Akamvisha pete, akapiga simu papo hapo, mkono mmoja umeshika wa Edilma.

"Halo, dada? Beckford hapa. Ndiyo, yule yule wa majina. Nirekebishie tiketi, andika Samudio. Hapana, Samudio tu, hakuna kingine." Akasikiliza. "Nani, huyu abiria? Mke wangu."