Rangi Iliyozimuliwa

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja na robo jioni, Rula alipokuta mstari mpana mweupe umepakwa sebuleni, ukuta hadi ukuta, rangi bado mbichi.

"Shangazi, nani kapaka hapa?"

"Nikuulize wewe mhandisi wa barabara! Mimi na rangi wapi na wapi?"

Rula, jina alilobandikwa kazini kwa kupima kila kitu mara mbili, aligusa mstari ule. Rangi ilikuwa nzito kama uji. Rangi aliyopaka yeye barabarani haikuwa hivi.

Kabla ya hapo, fungu la jiji lilitosha vivuko vya waenda kwa miguu kwenye makutano mawili tu. Watu waliovililia walikuwa wa makutano matano. Akamwambia nyapara wake aizimue rangi kwa thina, iwe nyepesi, ienee kote. "Nusu shari kuliko shari kamili," alisema, akajiona ana akili. Kwenye kona ya shule, mzee fundi viatu aliyekokota mguu alimchekea: "Mwanangu, sasa nitavuka kama waziri!" Mvua mbili tu, mistari ikafutika. Mzee aliendelea kuvukia palepale. Dereva wa lori hakuona alama yoyote ya kumsimamisha, na mzee hakufika ng'ambo.

Rula hakumwambia mtu.

Alhamisi mistari ya sebuleni iliongezeka, ikaelekea chumbani kwake. Harufu ya thina ikaingia hadi kwenye mto, na giza lilipotanda akasikia kisigino kikigonga sakafu, kisha mguu ukikokotwa, kisha kisigino tena, polepole, mstari kwa mstari, hadi pale mistari ilipokatika katikati ya chumba, na hapo hatua zikasimama, zikabaki zinahema juu yake kama mtu anayengoja magari yapite, nayo hayaishi kupita.

Shangazi akaita mganga, mama mmoja mpole. Ubani wake ukazimika.

"Huyu hafukuziki," alinong'ona. "Amekwama katikati ya barabara. Anasema mwenyewe unajua."

"Ni mimi," Rula alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyezimua rangi."

"Usiniambie mimi, mwanangu," mganga alisema. "Mimi sikuvuka pale."

Asubuhi yake alinunua debe la rangi nzito, akamwita nyapara awazuie madereva, akapiga magoti kwenye kona ya shule.

"We dada, umechoka kuishi?" dereva mmoja alifoka.

Alipomaliza mstari wa mwisho, nyayo zikajichapa kwenye rangi mbichi: moja kamili, moja ya kukokota. Zikavuka hadi ng'ambo. Rula akashusha pumzi. Lakini hazikuishia hapo. Zilishika njia, nyeupe juu ya lami, kuelekea makutano ya pili aliyoyapunja.

Nyapara, ambaye hakuona kitu, alichungulia debe. "Imebaki robo, Rula. Nilete thina?"

Kule mbele nyayo zikasimama, kama mtu anayetega sikio.

"Hapana," Rula alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo. Akabeba debe lake, akazifuata.