Cherehani Iliyoshona Sabato

Gurudumu la cherehani lilikuwa na joto.

Hiram Waweru aliligusa kwa bahati tu, akipita kwenda kuvua viatu, akaurudisha mkono kama aliyeshika sufuria jikoni. Ilikuwa Jumamosi saa saba mchana, mwaka 1971, nyumbani kwake Mamboleo, Kisumu. Yeye na mkewe Wangu walikuwa ndio wanarudi kanisani, ambako mhubiri alikuwa amehubiri mpaka matumbo ya waumini yakaanza kumwitikia amina. Mlango waliukuta na kufuli lake. Ndani hamkuwa na mtu.

Na mwenye cherehani alikuwa na miezi minne kaburini.

Mama Wamucii, mamake Hiram, alishonea mashine ile nusu ya sare za shule za Kisumu. Alikuwa mwanamke mkali, Msabato wa mifupani. Kila Ijumaa, jua likianza kuinamia ziwa, aliifunika mashine kwa kitambaa cheupe, akakifunga kwa utepe, mafundo mawili. Hata angekuja mkuu wa mkoa suruali imempasukia matakoni, angerudi nayo hivyo hivyo, mkono nyuma, mpaka Jumamosi jua lizame.

Sasa kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kiti. Chumba kilinuka mafunjo yaliyooza.

"Wewe ndiye uliyeifunua?" Hiram aliuliza.

"Mimi na tumbo hili? Hata viatu vyangu sivioni, nitaona cherehani?"

Walicheka. Cheko lao lilikuwa fupi.

Jumamosi iliyofuata Wangu hakwenda kanisani. Mimba ilikuwa ya miezi saba na miguu imevimba. Alikuwa amejilaza chumbani, jua limesimama katikati ya mabati, kuku wa jirani wanapekua nje, aliposikia ta-ka-ta, ta-ka-ta, ta-ka-ta. Akainuka. Akachungulia.

Kiti kilikuwa kitupu. Pedali ilikuwa inapanda na kushuka.

"Wangu, mwanangu." Sauti ilitoka chini ya meza ya mashine, nayo ilikuwa ile ile ya Mama Wamucii, na kile kikohozi chake mwishoni. "Nina baridi. Mtoto akija, mpe jina langu, nipate kupumzika."

Hiram aliporudi alimkuta mkewe amekaa nje juani. Mapajani alikuwa na kigauni cheupe cha mtoto mchanga. Mishono ilikuwa imenyooka kama ya Mama. Hiram alivuta uzi mmoja, akautazama kwenye mwanga. Haukuwa uzi. Ulikuwa unywele wenye mvi.

"Ni roho iliyo toharani," Wangu alinong'ona. Yeye alilelewa na masista wa Kikatoliki, na ndoa haikumtoa hayo moyoni. "Inateseka, Waweru. Inaomba tuisaidie."

"Hakuna toharani. Mama amelala. Hajui hata kama mvua imenyesha. Ataamka siku ya parapanda, si Jumamosi saa sita."

"Aliyelala ameniitaje kwa jina?"

"Ndiyo maana nakwambia si yeye!"

"Basi mtoto hutampa jina lake? Binti wa kwanza asiitwe nyanyake? Watu wa Murang'a watatuuliza nini?"

Kwao Hiram binti wa kwanza huchukua jina la mamake baba, na wazee husema kwamba nyanya amerudi. Jina ni mlango. Lakini aliyesimama nje ya mlango ule alikuwa nani?

Jumamosi ya tatu alimeza aibu yake ya Kisabato, akamwita Mzee Muhidin, muuza ubani na marashi wa sokoni aliyejulikana kwa kupunga majini. Mzee aliingia, akanusa.

"Mamako mlimzika wapi?"

"Murang'a, Mzee. Udongo mwekundu."

"Hii ni harufu ya ziwa." Akaweka chetezo sakafuni. "Sikilizeni. Msilijibu hili jini. Msiliahidi kitu. Jini hana shule, lakini hakuna mwanafunzi kama yeye."

Wakangoja. Saa sita pedali ilianza, polepole kwanza. Mzee akasoma dua kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma mashine ilizidi kasi, ta-ka-ta ikawa mngurumo mmoja, sindano ikipanda na kushuka bila kitambaa chini yake, vikombe vikitetemeka kabatini, harufu ya mafunjo ikipanda mpaka Wangu akaziba pua kwa leso, na moshi wa ubani, badala ya kwenda dirishani, ukaenda ukaketi juu ya kile kiti kitupu, ukapata mabega, ukapata shingo iliyoinama, na ile shingo ikaanza kugeuka.

"Hiram," ikasema. "Nilikuita siku tatu. Ulikuwa wapi?"

Siku tatu hizo, Mama akikata roho, Hiram alikuwa Muhoroni, anauza vitambaa kwa wafanyakazi wa miwa. Alipofika, Mama alikuwa ameshafungwa taya. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Na hata mtu anayeamini kwamba wafu wamelala, iko siku hutamani mmoja aamke.

"Kama ni wewe, Mama," akalia, "mbona unashona Sabato? Mama yangu angeacha Ijumaa kabla jua halijazama! Angeifunika! Angefunga mafundo mawili! Nikiona hivyo, nitampa mtoto jina lako kwa kinywa changu mwenyewe!"

Mashine ikanyamaza. Moshi ukatawanyika.

Mzee Muhidin alikusanya vitu vyake bila kumtazama.

"Limeondoka?" Hiram aliuliza.

"Limeenda kusoma, kijana wangu. Umelifundisha."

Zikapita wiki saba za kimya. Jumatano Wangu akajifungua binti, mzito, mwenye sauti ya kuuza samaki. Ijumaa jioni walikuwa sebuleni, mtoto akilia tangu asubuhi, titi hataki, mgongo hataki, ndipo iliposikika.

Ta-ka-ta. Ta-ka-ta.

Hakuna aliyesogea. Dirishani jua lilikuwa linashuka, la rangi ya machungwa, likagusa ukingo wa ziwa. Mashine ikapunguza mwendo. Ikasimama. Kitambaa kikainuka kutoka kitini, kikatandazika taratibu, pembe kwa pembe, na utepe ukajifunga. Fundo moja. Fundo la pili.

"Ni yeye," Wangu akasema, machozi yanamtiririka. "Waweru, ameshika Sabato. Uliahidi."

Hiram alikumbuka maneno ya Mzee. Aliyakumbuka yote, neno kwa neno. Lakini alikuwa anatazama fundo lile la pili, lililolala upande kidogo kama Mama alivyolilaza maisha yake yote, naye akawa tena mtoto wa miaka sita.

Akainama kwenye sikio la binti yake.

"Wamucii," akasema.

Kilio kikakatika papo hapo. Mtoto akafumbua macho, akamtazama babake muda mrefu kuliko mtoto wa siku mbili anavyoweza kutazama. Akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu. Kutoka ndani ya blanketi ikapanda harufu ya mafunjo yaliyooza.

Nje jua lilikuwa limekwisha kuzama. Sabato ilikuwa imeingia.

Na chini ya blanketi, ile miguu midogo ikaanza kukanyaga, wa kulia, wa kushoto, taratibu, bila kupumzika, kama ya mtu mwenye kazi nyingi ya kumaliza.