Alama ya Malu Mkononi mwa Tiresa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tiresa aliosha kidonda chake kwa sabuni, akakipaka mafuta ya mgando na kukifunga bendeji. Kila asubuhi alama ilikuwepo palepale.

Ilikuwa mchoro mdogo wa wino wenye umbo la almasi, juu ya kifundo cha mkono. Rafiki yake Malia ndiye aliyemchora kwa sindano ya kushonea, nyuma ya ukumbi wa kanisa lao la Kisamoa mjini Logan. Lakini umbo lile ni la malu, michoro ambayo mwanamke huchorwa mapajani na fundi, ukoo ukishatoa baraka. Tiresa alijibariki mwenyewe, tena mkononi! Mama alipoiona hakula siku nzima, kisha akampeleka kliniki ifutwe kwa leza. Na Bibi Sieni, mwenye malu kamili, alikuwa njiani kuja kutoka kisiwa cha Savai'i, huko Samoa, kwa ajili ya Jumapili Nyeupe, sikukuu ya watoto kanisani.

Siku ile ya kwanza, nesi wa kliniki hakumficha kitu. “Leza inauma kama mpira unaofyatuliwa kwenye ngozi, tena na tena. Patakuwa peupe, halafu litatoka lengelenge. Usilitumbue, usilisugue. Utakuja mara nane, kila baada ya wiki nane.”

“Mara nane? Bibi anafika baada ya siku tisa!”

“Leza inauvunja wino tu, mwanangu. Mwili ndio unaoubeba, kidogo kidogo. Ngozi nyeusi ukiiharakisha, inabaki na baka.”

Malia alipoambiwa alicheka. “Wacha uoga wewe! Wino si umeshavunjika? Sugua ndimu na chumvi, utoke.”

Tiresa akasugua, taulo mdomoni asisikike. Siku Bibi alipofika, mkono ulikuwa umevimba na kuwaka moto ndani ya sweta.

“Kidonda kinaendeleaje?” Mama alimuuliza.

“Kinapona.”

Uongo huo ulimkosesha usingizi kuliko maumivu.

Jumapili Nyeupe watoto wote walivaa nyeupe, wakapanda mbele mmoja mmoja kusema aya zao kwa moyo. Zamu ya Tiresa ilipofika, alikuwa anatetemeka kwa homa. Alisema maneno mawili, aya ikampotea. Doa la usaha lilikuwa linatanuka kwenye mkono wa gauni lake, kanisa zima linatazama.

Bibi Sieni aliinuka, akampeleka nje.

“Nionyeshe.”

“Bibi, usiitazame, tafadhali!”

“Habari za alama mama yako aliniambia kwa simu kabla sijapanda ndege. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Sasa nataka kuona kidonda.”

Hospitali walimsafisha na kumpa dawa. Daktari alisema kovu dogo litabaki, na leza haiwezi kuliondoa. Tiresa alilia sana.

“Fundi aliponichora, nililia tangu asubuhi hadi jioni,” Bibi alisema. “Lakini dada zangu walinishika wakaniimbia. Kwetu hakuna anayechorwa peke yake. Wewe ulichorwa kwa siri, ukasugua kwa siri, ukaumwa kwa siri. Alama haikukutia homa, mjukuu wangu. Haraka na uongo ndivyo vilivyokutia. Penye maumivu, sema mapema.”

Tiresa alifuta machozi. “Bado mara saba, Bibi. Inauma kweli.”

“Basi hiyo ijayo nitakushika mimi, na nitaimba hata nesi akinuna. Zinazofuata, utamwomba mama yako akushike.”

Tiresa akamnyooshea mkono ule mbovu, bila sweta.